Kivuli Kilitoka kwa Nani? Mkatoliki na Hadithi za Vijana Wenye Uwezo wa Ajabu

Swali hili huletwa na wazazi, huletwa na makatekista, na siku hizi huletwa hata na waseminari wa mwaka wa kwanza: je, kijana Mkatoliki anaruhusiwa kusoma hadithi za vijana wanaojifunza uchawi? Mama amemkuta binti yake wa kidato cha pili na kitabu cha Harry Potter alichoazima kwa rafiki. Jaladani kuna mvulana mwenye miwani, ndani kuna shule nzima ya wachawi, na binti anakisoma usiku hadi aamriwe kuzima taa. Mama anakumbuka Kum 18:10-12, anakichukua kitabu na kukificha kabatini. Binti ananuna wiki nzima. Siku ya jumuiya mama anamuuliza padre kama amefanya vema.

Hofu ya mama huyo tusiicheke. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inafundisha bila kuyumba kwamba kila jaribio la kuzitiisha nguvu za siri, ili zimtumikie mtu na kumpa mamlaka juu ya wenzake, linapingana vibaya na heshima tunayompa Mungu peke yake, hata kama nia ni kumponya mgonjwa. Waamini wa Efeso walipoongoka walivichoma hadharani vitabu vyao vya uganga, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande elfu 50 vya fedha (Mdo 19:19). Lakini tuangalie vilikuwa vitabu vya aina gani. Vilikuwa vitabu vya kutendea kazi: mwenye navyo alivifungua ili apate maneno ya kunuizia. Riwaya haimpi msomaji kitu cha namna hiyo. Anayefunga kitabu cha Harry Potter hana dawa wala hirizi mkononi; ana hadithi kichwani. Kwa hiyo la kuchunguza ni hadithi hiyo inamfundisha kutamani nini na kuogopa nini.

Hapo lugha yetu inatutatiza kidogo. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu anayedhuru. Tunaye pia mganga anayetibu, tunaye mpiga ramli, na tunayo mazingaombwe ya jukwaani ambayo hayamdhuru mtu. Neno la Kiingereza wizard, ambalo ndilo hutumika katika vitabu hivi, asili yake ni neno la hekima. Hapo zamani lilimtaja mtu mwenye ujuzi, na ujuzi huo ungeweza kuwa wa kheri au wa shari. Tukilitafsiri kwa "mchawi" tumekwisha kumhukumu mtu kabla hajafanya lolote. Na Shaaban Robert je? Katika Adili na Nduguze ndugu wawili wanageuzwa kuwa manyani kwa sababu ya uovu wao, na kitabu hicho kimesomwa mashuleni miaka mingi bila mzazi kukificha kabatini. Sote tulielewa kwamba manyani wale walituambia jambo kuhusu husuda.

Riwaya za aina hii, ambazo wahakiki huziita fantasia, huwa na mpango unaofanana. Kijana wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, mara nyingi yatima au aliyepuuzwa, anagundua kwamba ana uwezo asioujua. Anaondolewa nyumbani, anapelekwa kwa mwalimu au shuleni, anapata rafiki na adui, anakosea, anaumia, na anarudi akiwa mtu mzima. Msomaji aliyepitia jando atautambua mpango huo bila kuelezwa. Hata kwetu mtoto alitengwa na mama yake, alipelekwa porini kwa wakubwa, alifundishwa mambo ya siri, wengine walipewa jina jipya, na waliporudi hawakuitwa watoto tena. Na mseminari aliyeagana na wazazi getini akiwa na sanduku la bati akiwa na miaka kumi na mitatu ataona yake humo pia.

Badala ya kuzungumzia vitabu vyote kwa jumla, ningependa tukae na kimoja ambacho naona ni bora kuliko vingi vya aina yake. Ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, kilichotolewa mwaka 1968, takriban miaka 30 kabla ya Harry Potter. Le Guin, aliyefariki Januari 2018, hakuwa Mkristo. Baba yake alikuwa mwanaanthropolojia mashuhuri huko California, na yeye mwenyewe alivutwa zaidi na falsafa ya Kichina ya Tao. Nalitaja hilo mapema ili mtu asidhani namwingiza Kanisani kwa mlango wa nyuma.

Hadithi yake ipo katika ulimwengu wa visiwa vingi. Mvulana mmoja, mtoto wa mfua shaba, amefiwa na mama kabla hajatimiza mwaka. Siku moja anamsikia shangazi yake akiwaita mbuzi kwa maneno fulani. Anayarudia bila kujua maana yake, na mbuzi wanamjia wote, wanamzunguka, wanambana, hawataki kuondoka. Anaanza kulia. Huo ndio mwanzo wa uwezo wake, na naona mwandishi ameweka hapo kitabu chote kwa ufupi: mtoto ameweza kuita, lakini hawezi kufukuza alichokiita.

Akiwa na miaka 13 anapewa jina lake la kweli, Ged, na mzee mkimya aitwaye Ogion. Anavuka maji baridi ya kijito, na ng'ambo anasubiriwa na mzee anayemnong'oneza jina. Jina hilo haliambiwi mtu ovyo, kwa kuwa katika ulimwengu ule anayelijua jina la kitu ana mamlaka juu yake. Wenye kumbukumbu ya Maandiko watamfikiria Yakobo kwenye kivuko cha Yaboki, aliyeulizwa jina lake na akapewa jipya (Mwa 32:23-31).

Ogion ni mlezi wa aina ambayo vijana hawaipendi. Anatembea msituni, mvua ikinyesha anajilaza chini ya mti, wala haizuii kwa uwezo wake. Ged anaona anapoteza muda. Alitaka kufundishwa mambo makubwa. Anafundishwa majina ya majani na kunyamaza. Anaondoka kwenda shule kubwa ya kisiwa cha Roke, na huko anang'aa. Walimu wanamfundisha kwamba ulimwengu umekaa kwa mizani, na kila badiliko, hata la jiwe dogo, lina gharama mahali pengine. Anayaelewa hayo kwa akili na kuyajibu kwenye mitihani. Moyoni hayajafika.

Kisha inatokea usiku mmoja. Mwanafunzi mwenzake aitwaye Jasper, mwenye adabu za kitajiri na ulimi mkali, anamchokoza. Ged, ili kumwonyesha, anaapa kumwita mfu kutoka kuzimu, malkia aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Anafaulu kwa dakika chache. Lakini katika upenyo alioufungua linatoka jambo jingine, kivuli kisicho na sura, kinachomrukia na kumrarua uso. Mkuu wa shule, mzee sana, anatumia nguvu zake zote kuufunga upenyo ule na kumwokoa kijana, na anakufa alfajiri. Ged anabaki na makovu, na kivuli kipo huru duniani.

Sehemu yote iliyobaki ya kitabu ni ya kivuli hicho. Ged aliyepona si kijana yule wa kwanza. Anasema kidogo, anasitasita, anaogopa uwezo wake mwenyewe. Anapangiwa kazi katika visiwa vidogo vya wavuvi, jambo ambalo zamani angeliona ni dharau. Humo kuna sura moja ambayo ningependa kila mseminari wa mwaka wa mwisho aisome. Visiwa hivyo vinatishwa na joka. Ged analijua jina la joka hilo, kwa hiyo ana mamlaka juu yake, lakini ni kwa ombi moja tu. Joka lina ujanja: linamwambia kwamba linaweza kumtajia jina la kivuli kinachomwinda. Akikubali, atakuwa salama yeye. Akikataa, atawalinda wavuvi kama alivyoahidi, na kivuli kitaendelea kumfuata bila jina. Anachagua wavuvi. Hakuna anayempigia makofi, hakuna aliyeshuhudia.

Mwishowe, akiwa amechoka kukimbia, anarudi kwa Ogion, na mzee anampa shauri moja: ageuke nyuma, akifuate kile kinachomfuata. Ged anasafiri na rafiki yake hadi mwisho wa bahari. Kivuli kinamjia kikibadilisha sura: sura ya baba yake, ya Jasper, ya watu wengine aliowajua. Wanapokutana ana kwa ana, Ged anakitaja kwa jina, na kivuli nacho kinamtaja yeye kwa sauti ileile moja. Jina ni Ged. Kilikuwa ni yeye mwenyewe: kiburi chake, chuki yake, kifo chake.

Hapo ndipo nataka tusimame, kwa sababu hapo hadithi hii ya kigeni inagusa jeraha letu. Sisi hatuishi mahali ambapo uchawi ni mapambo ya vitabu. Sheria ya uchawi nchini Tanzania ni ya tangu mwaka 1928, na bado kesi zipo. Katika Kanda ya Ziwa akina bibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa ahadi za waganga kwamba vitaleta utajiri. Mtoto akiugua ghafla, mazao yakikauka, mtu akikosa kazi, swali la kwanza katika nyumba nyingi, zikiwemo zenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, ni hili: nani amefanya? Mpiga ramli analipwa ili ajibu, na jibu lake siku zote ni jina la mtu mwingine: shangazi, jirani, mke mwenza, bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea.

Zipo hadithi zinazolilisha swali hilo. Filamu nyingi tunazoziangalia sebuleni, za kwetu na za Nigeria, zinasimulia hivi: familia inateseka, anakuja mhubiri mwenye sauti kubwa, anamfichua mchawi ambaye ni mama mkwe, mchawi anaanguka akitoa povu, na familia inafurahi. Jina la Yesu linatajwa mara nyingi humo. Kwa sababu hiyo mzazi yuleyule aliyekificha kitabu kabatini anakaa na watoto kuiangalia filamu hiyo bila wasiwasi. Kwa maoni yangu anakosea mahali pa kuweka ulinzi. Filamu ile inamfundisha mtoto kwamba uovu uko kwa bibi wa nyumba ya pili na kwamba wokovu ni kumfichua. Kitabu cha Le Guin kinamchukua kijana hadi mwisho wa dunia ili kimwonyeshe kwamba kivuli kilitoka kwake. Ipi kati ya hizo mbili iko karibu na mafundisho ya Bwana katika Mk 7:20-23, kwamba yanayomtia mtu unajisi hutoka ndani, moyoni mwake?

Kwa waseminari kuna jambo la ziada. Mtu wa kwanza kuitwa mchawi katika historia ya Kanisa changa ni Simoni wa Samaria (Mdo 8:9-24). Alibatizwa, aliambatana na Filipo, alistaajabia ishara. Kosa lake lilionekana alipowaona mitume wakiweka mikono: alitaka kuununua uwezo ule kwa fedha ili autumie yeye. Kutokana na jina lake tumepata neno usimoni, kosa la kununua na kuuza mambo matakatifu. Yaani Kanisa lilipotafuta jina la dhambi mojawapo nzito inayoweza kuwapata wahudumu wake, lililipata kwa mchawi. Tofauti kati ya sakramenti na uchawi iko hapa: mchawi anaitiisha nguvu, padre anatumikia neema isiyo yake. Lakini kijana anayetamani daraja ili aogopwe kijijini, au ili maji yake ya baraka yasifiwe kuliko ya mwingine, yuko upande wa Simoni hata kama anavaa kanzu nyeupe. Ged pale kilimani hakuwa mwovu. Alikuwa kijana hodari aliyetaka wenzake wamwone.

Hayo hayamaanishi kwamba kitabu hiki kinatosha. Katika ulimwengu wa Le Guin hakuna anayesamehe. Ged anajikubali, anakuwa mtu mzima na mzima wa nafsi, na hilo ni jema. Lakini hakuna mtu wa kumwambia kwamba deni lake limelipwa. Mkuu wa shule aliyekufa kwa ajili yake amekufa tu. Nchi ya wafu katika vitabu vyake vya mwanzo ni mahali pakavu, pa giza, ambapo wapenzi wanapishana barabarani bila kutambuana. Mkristo anaposoma hapo anapaswa kuhisi upungufu, na akiuhisi amesoma vizuri.

Harry Potter ana nguvu yake hapo. Vitabu vyake saba vilitoka kati ya mwaka 1997 na 2007, na mhimili wake ni mama aliyekufa akimkinga mwanawe na adui aliyeipasua roho yake mwenyewe kwa kuua watu ili asife kamwe. Katika kitabu cha mwisho, juu ya kaburi la wazazi wa Harry yameandikwa maneno ya 1 Kor 15:26, kuhusu adui wa mwisho ambaye ni kifo. Hata hivyo Harry na wenzake huvunja sheria na kudanganya walimu mara nyingi mno, na mara nyingi hutuzwa kwa hilo. Mlezi atakuwa na la kusema.

Kanisa lenyewe halijatoa hukumu juu ya vitabu hivyo. Mwaka 2003 Kardinali Ratzinger, katika barua binafsi kwa mwandishi mmoja Mjerumani, alieleza wasiwasi kwamba mvuto wake unaweza kuharibu imani changa bila kutambulika. Mwaka huohuo padre mmoja aliyefanya kazi Vatikano alivitetea mbele ya waandishi wa habari. Yote mawili ni maoni ya watu wenye busara, hayakuwa sheria. Na tusisahau kwamba J. R. R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alikuwa Mkatoliki mwenye ibada kubwa kwa Ekaristi, na tatizo zima la hadithi yake ni pete ambayo hata mtu mwema hapaswi kuivaa.

Njia ya kufuata ni ya zamani. Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya nne, aliwaandikia vijana namna ya kusoma vitabu vya Wagiriki wapagani, akawapa mfano wa nyuki, ambaye hatui kwenye kila ua wala habebi kila kitu cha ua alilotua. Baba Mtakatifu Fransisko alimkumbuka Basili katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, barua ambayo mwanzoni aliikusudia kwa malezi ya mapadre na kisha akaipanua kwa Wakristo wote. Papa huyo alijua alichokisema, kwani akiwa Mjesuiti kijana alifundisha fasihi katika shule ya Santa Fe, Argentina, kati ya mwaka 1964 na 1965.

Kwa hiyo mama yule akirudi kuuliza, ningemshauri akitoe kitabu kabatini na akisome yeye kwanza, au wakisome pamoja, ikiwa binti ana umri wa kukielewa. Amuulize binti: huyu kijana anautaka uwezo wa nini? Nani analipa anapoutumia vibaya? Angefanya nini kama angekuwa yeye? Na asiache kuwa macho kwa jambo jingine kabisa, yaani kijana anayetoka kwenye hadithi na kwenda kutafuta nyota yake, ramli za kwenye simu, au bangili ya bahati. Hapo hatuzungumzii fasihi tena, na Katekisimu, namba 2116, inahusika moja kwa moja. Mara nyingi kijana anayefanya hivyo ana jambo linalomuumiza ambalo hajapata wa kumwambia, na kumnyang'anya simu hakutalitoa.

Neno dogo kwa watakaokitafuta kitabu cha Le Guin. Ged ana ngozi ya kahawia yenye wekundu, na rafiki yake mwaminifu ni mweusi kabisa; mwandishi alikusudia hivyo tangu mwanzo. Majalada ya miaka mingi yalimchora kijana mzungu, na filamu ya televisheni ya mwaka 2004 ikafanya vilevile, hata mwandishi akalalamika hadharani. Msiamini picha ya jalada.

Baada ya kitabu hicho kuna vingine vitano. Katika cha tatu, The Farthest Shore cha mwaka 1972, Ged, sasa mkuu wa wote, anatumia uwezo wake wote hadi tone la mwisho ili kufunga mlango uliofunguliwa na mtu aliyekataa kufa. Katika cha nne, Tehanu cha mwaka 1990, amerudi kisiwani kwake akiwa hana uwezo wowote. Mwanzoni anaona aibu, anajificha watu wasimwone. Kisha anapanda mlimani kuchunga mbuzi, kazi aliyoianza utotoni, na safari hii anawaita kwa sauti ya kawaida.